Mkono Unaokataa Gramu Mia Nne

Saa tano asubuhi, joto la tanuri limebandua rangi ya ukuta. Mama Mizani anamega donge la unga uliokandwa, analizungusha mara mbili mezani, analitupa kwenye trei. Halitazami. Kwa miaka ishirini na miwili amekata mikate kwa mkono bila kupima, na jina lake limetokana na hapo.

Leo ustadi huo unamponza.

Tangu Jumatatu donge linatakiwa liwe gramu mia nne. Mkono wake bado unavutwa na mia nne hamsini ya zamani. Ameshapata barua mbili za onyo. Ya tatu ni ya kufukuzwa.

"Kichwa kimeelewa," anasema. "Mkono ndio mkaidi."

Nani kapunguza? Wiki iliyopita redio ya kiwandani ilitangaza kwamba benki kuu ya taifa kubwa imepandisha riba. Wenye mabilioni duniani wakahamishia fedha zao huko kufuata faida. Sarafu yetu ikalegea, na ngano, inayonunuliwa kwa dola, ikapanda. Bei ya mkate haikuguswa, maana watu wangepiga kelele. Ukaguswa mkate wenyewe.

Ulianza na gramu mia sita. Ukaja mia tano hamsini, mia tano, mia nne hamsini. Katikati hapo riba ilishushwa mara mbili, wakubwa wakapongezana. Haikurudi gramu hata moja! Wao wamesahau. Mama Mizani ameziandika zote ukutani kwa mkaa.

Msimamizi anafika na mizani. Donge la nne linasoma mia nne ishirini na tano.

"Mama, unataka na mimi nifukuzwe?"

"Mwanangu, ukilitazama kwa macho mazuri ni mia nne."

"Macho mazuri ninayo. Kazi nyingine ndiyo sina."

Msimamizi anamega kipande, anakirudisha kwenye beseni. Haandiki barua ya tatu. "Kesho sitaweza, mama."

Kila jioni nyumbani Mama Mizani hufinyanga madonge ya udongo na kuyapima kwa mizani ya kuazima dukani, akiufundisha mkono ubahili. Mumewe, fundi viatu, humtania: "Uzee huu, unacheza matope!" Yeye anachohitaji ni miezi minane tu kazini, binti yao wa mwisho amalize chuo cha uuguzi.

Jana alipatia mara tisa kati ya kumi.

"Nitaweza," anamwambia msimamizi, akifuta mikono kwenye aproni. Kisha anauliza: wale wa benki wanakutana tena lini?

Baada ya wiki sita, anajibiwa.

Anavitazama vidole vyake.

"Basi nisiizoee sana hii mia nne."