Hodi ya Baba

Nilisikia hodi kabla sijaona mtu. Ilisikika mlangoni petu, juu ya kelele za mikokoteni ya Kariakoo, na sauti ilikuwa ya baba yangu, mwinjilisti aliyekuwa akihubiri Msumbiji kwa miaka miwili. Mama alijitanda khanga, akajibu "Karibu" kama anavyomjibu mgeni yeyote.

Jirani yetu, aliyekuwa koridoni akichambua mchele, alicheka. "Shemeji, unabisha hodi kwako mwenyewe? Ingia, kitanda chako hakijauzwa."

Baba naye alicheka, kisha akaketi kwenye kiti cha wageni.

Nilikuwa na ombi moja tu: akae mpaka Jumapili, siku ya kipaimara changu. Nilimwambia wakati wa chai. Aliniwekea mkono kichwani, akaniombea kwa muda mrefu, akichanganya maneno ya Kireno nisiyoyajua, na nilipofumbua macho nilishajua kwamba angeondoka Ijumaa. Kule kuna watu wa kubatizwa, alisema, nao wamesubiri sana.

Ijumaa asubuhi alichukua begi lake. Mama aliniambia nimsindikize hadi Mnazi Mmoja, kama tulivyozoea kuwafanyia wageni.

"Baba si mgeni," nikasema. "Mwenye nyumba hasindikizwi."

Nilidhani maneno hayo yatamzuia. Alinitazama, akasema taratibu, "Kweli, mwanangu," akatoka peke yake. Mama alisimama kidogo akisubiri nimfuate, kisha akafunga mlango.