Ubao wa Herufi wa Ndugu Yangu

Ndugu yangu mkubwa alikuwa karani wa kupiga chapa mahakamani Malindi kwa zaidi ya miaka ishirini. Alipiga kwa vidole vyote kumi bila kutazama mashine, na aliweza kuzungumza nawe habari za bei ya samaki wa changu huku vidole vyake vikimalizia hukumu ya mtu. Alijaribu kunifunza kazi hiyo nikiwa kijana, ikanishinda. Mimi nikawa fundi wa umeme katika hoteli moja ya Watamu, na huko ndiko nilikopata ugonjwa wa kukusanya mashine zilizokufa.

Nilizozipenda zaidi zilikuwa mbao za herufi za kompyuta. Siku hizi kila mtu husema kibodi, lakini katikati ya miaka ya themanini kompyuta zenyewe zilikuwa za kuhesabika pwani nzima, na neno hilo hatukuwa nalo. Ofisi moja ya wakala wa ndege pale mjini ilibadilisha mitambo yake, ikatupa mbao tatu uani, juani. Ziliundwa kwa kazi moja tu, ya kuwawekea wageni viti vya ndege. Pembeni mwa herufi palikuwa na safu ya vitufe vya rangi ya machungwa vyenye maneno ya Kitaliano, yasiyo na maana mahali pengine popote. Ubao kama ule ukiutenga na mashine yake haufai kwa lolote, na kwangu mimi utamu ulikuwa hapo hapo: kuutafutia kazi nyingine.

Wa kwanza niliugeuza kengele ya mlangoni, kila mtu wa nyumba na kitufe chake na mlio wake. Wa pili niliufanya mchezo wa watoto wa jirani. Mtoto akibonyeza jibu la sawa, taa inawaka. Wa tatu ulikuwa bado juu ya kabati siku ndugu yangu alipoanguka msalani alfajiri akitia udhu.

Kilikuwa kiharusi. Alirudi nyumbani kwake mtaa wa Barani baada ya wiki tatu, mkono wa kulia umelala, mguu unaburura, na hana neno hata moja. Alifungua kinywa, akakaza shingo, ikatoka sauti ya "te, te, te", kisha akanitazama kama mimi ndiye niliyemnyang'anya. Mkewe, shemeji yangu, alimfuta mate kwa ncha ya leso.

Nikamwambia, "Shemeji, mkono wa kushoto si mzima? Na vidole vyake si vyajua herufi zote? Nitamtengenezea mashine ya kusemea."

"Hiyo mashine itatoa sauti?"

"Haitatoa sauti. Itawasha taa. Yeye atabonyeza, nasi tutasoma."

"Fanya, shemeji," akasema. "Fanya upesi."

Nilifanya kwa majuma matano, kila alasiri nikitoka kazini. Ndani ya ubao ule vitufe vilikuwa vimeshirikishwa njia chache za shaba, hivyo ukibonyeza A zinawaka taa tatu kwa pamoja. Ilinibidi nizikate njia zote kwa wembe na kuipa kila herufi waya wake, nyaya nyembamba nilizozichuna kutoka kipande cha kebo ya simu. Nilichukua balbu ndogo za tochi, nikazipanga kwenye kipande cha mbao nilichokipaka rangi nyeupe, na chini ya kila balbu nikaandika herufi. Nyumba ya ndugu yangu haikuwa na umeme, kwa hiyo nikatumia betri kubwa za redio. Nilichomelea mamia ya viungo vya risasi mpaka macho yakawa mekundu. Sikumbuki kipindi kingine maishani mwangu nilichokuwa na hakika kama hicho. Niliamini maneno yake yote yamo ndani, mazima, yamejipanga kama zamani, na kilichokosekana ni mlango.

Siku ya kumletea ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Tulimkalisha mezani. Alipouona ubao alijinyoosha mgongo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aanguke, akaviweka vidole vya kushoto mahali pake hasa. Shemeji aliketi ubavuni na daftari na kalamu ya risasi.

"Kaka," nikasema, "andika jina lako."

Akaanza. Taa ziliwaka moja baada ya moja, haraka, kwa mdundo ule ule wa mahakamani, na shemeji akawa anaandika kwa pupa. Ndugu yangu alimaliza, akainua mkono, akatabasamu nusu ya uso. Alikuwa ameridhika.

Shemeji alitazama daftari, akalisukuma kwangu polepole. "Hili ni neno gani?"

Lilikuwa K, T, S, S, L, tena K, tena S, mstari mzima. Sikuona hata silabi.

Nikasema nimekosea nyaya. Nikauchukua ubao, nikaupima waya kwa waya, kitufe kwa kitufe, siku mbili. Hapakuwa na kosa. Nikaurudisha, akaandika tena, ikatoka vile vile, naye akatutazama akingoja jibu. Sisi tukaitazama meza.

Tulipompeleka hospitali Kilifi kwa miadi yake, niliubeba ubao kwenye kikapu nikamwonyesha daktari, mama mmoja mpole aliyekuwa na subira. Aliugeuza huku na huku, akasifu kazi. Kisha akaweka mezani kikombe, kijiko na ufunguo, akamwambia ndugu yangu, "Mzee, nipe kijiko." Ndugu yangu akamnyanyulia ufunguo. "Nipe kikombe." Akampa ufunguo ule ule, kwa heshima.

Daktari alinitoa nje barazani. "Wewe ulidhani kinywa ndicho kilichoharibika," akasema.

"Ndiyo, daktari."

"Maneno yenyewe ndiyo yaliyovurugika. Hata anayoyasikia hayaelewi sawasawa. Jaribu kupunguza. Mtilie mambo machache tu, kwa picha. Lakini usitarajie sana."

Nilirudi nikapunguza. Niling'oa vitufe vya herufi, nikabakisha vinne vya rangi ya machungwa, vikubwa, nikabandika picha nilizochora mwenyewe: mtungi wa maji, sahani, kitanda, na mtu ameshika tumbo, yaani maumivu. Chini ya picha niliandika maneno vilevile, labda jicho litakumbuka. Kila kitufe na taa yake, na king'ora kidogo ili shemeji asikie akiwa jikoni.

Ndugu yangu alibonyeza mtungi. Shemeji akamletea maji, akanywa, na nyumba nzima ikashangilia. Majirani waliitwa waje kuona. Mimi nilitoka nje nikasimama chini ya mnazi, nikalia kwa furaha, jambo ninaloona haya kulisema sasa.

Hakubonyeza kitufe kingine kamwe. Alibonyeza mtungi akiwa na kiu, akiwa na njaa, akiwa anataka dirisha lifunguliwe. Tuliona, lakini tuliona pia kwamba anafurahi mtu akija, basi tukaacha.

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumanne. Nilikuwa Watamu kazini. Tangu asubuhi alibonyeza mtungi bila kupumzika, na shemeji, masikini, akamletea maji. Bilauri baada ya bilauri. Akiyakataa alimbembeleza, kwa kuwa si yeye mwenyewe aliyeyaomba? Alasiri nilipofika nilimkuta jasho linamtiririka, anabonyeza kwa ngumi, king'ora kinalia mfululizo. Nilipomgusa tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Mkojo ulikuwa umemziba tangu jana yake.

Tulimpata mtu mwenye gari, tukamkimbiza hospitali, wakamtia mpira wa kutolea mkojo. Muuguzi aliyemhudumia alituuliza, "Kwani hakusema kama anaumwa?" Shemeji akanitazama. Hakunilaumu, si siku ile wala siku nyingine yoyote. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Nilikaa kitandani kwake mpaka akapata nafuu. Alinishika kiganja kwa mkono wake wa kushoto, akanigonga kwa kidole mara nne, akatulia, akanigonga tena mara nne.

"Unataka ugeuzwe, kaka?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Bado waumwa?"

Akakubali.

"Umenikasirikia?"

Akakubali, kwa utulivu ule ule, akanigonga tena mara nne. Niliuliza yote niliyoweza kuyafikiri, naye akayakubali yote. Mpaka leo sijui alikuwa ananiambia nini.

Tuliporudi Barani niliuchukua ubao ili niupeleke kwangu. Shemeji alinifuata mpaka mlangoni. "Uache," akasema. "Anaupenda."

"Shemeji, utamuua."

"Basi toa hizo betri. Lakini uache."

Nikatoa betri. Kwa miaka miwili iliyosalia ya umri wake aliubonyeza ubao ule uliokufa, mapajani mwake, na hakuonyesha kama anajua kwamba hauwaki tena. Shemeji alijifunza kumtazama usoni, rangi ya ngozi, jinsi anavyoikunja miguu. Nilimwuliza anajuaje sasa anachotaka. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Sijui, shemeji," akasema. "Najaribu kimoja, kikishindikana najaribu kingine. Siku nyingine vyote hushindikana, twakaa tu."

Nikavuta kigoda, nikakaa nao.