Nimemjengea kaka barabara ya kigari, shemeji ameikataa nyumbani kwake

Admin, jina langu na la jamaa zangu yabaki kwako. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na saba, nina mke na watoto, nafanya kazi ya kuchomelea vyuma hapa Garsen. Nawaandikia ninyi kwa sababu jambo lenyewe hapa kwetu siwezi kulisema. Nikilianza tu watu wanacheka, wanaona ni mchezo wa watoto.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Alikuwa dereva wa Landrova, akipeleka watu na mizigo Hola, Bura, mpaka Chewele, zamani lami haijafika. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi unanata mpaka malori yanalala njiani, lakini yeye anapita. Mwaka juzi akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, maneno yakaondoka. Amebaki na neno moja tu, "haya". Chakula ni haya, maumivu ni haya, ukimwambia fulani amefariki, ni haya.

Nilikuwa nikienda kwake Minjila kila Jumapili baada ya kanisa. Nakaa, naongea peke yangu, mwisho naishiwa. Siku moja binti yake anayesoma Mombasa akamletea kigari cha chuma, Landrova ndogo inayoenea kwenye kiganja, imeundwa vizuri hata milango inafunguka. Kaka akaishika kwa mkono wa kushoto akaiendesha juu ya goti, ikafika mwisho, akairudisha. Nikaona nimtengenezee mahali pa kuiweka, kipande cha ile njia yake.

Nilichukua ubao, nikagandisha juu yake yale maboya meupe mepesi yanayokuja ndani ya boksi la televisheni kuizuia isivunjike, nikayachonga kwa kisu mpaka nikapata barabara na kingo za mto ulio kando yake. Udongo nilienda kuuchota kule kule njiani, nikauchekecha kwa chujio la chai ili chembe zilingane na udogo wa gari, nikauchanganya na gundi. Vijiti vya mathenge, ule mti wa miiba, vikawa miti, majani ni sponji niliyoikatakata na kuitia rangi. Maji ya mto niliyafanya kwa vanishi, yakanishinda mwanzoni. Nikimwaga nyingi inatoa mapovu, mpaka nikajifunza kumimina kidogo na kungoja ikauke.

Nilimpelekea kabla sijamaliza. Kaka akatazama muda mrefu, halafu akaweka kidole kwenye kona ya barabara, akakivuta upande. Sikuelewa. Akarudia.

"Kona ilikuwa kali kuliko hivi?" nikamuuliza.

"Haya."

Nikaing'oa pale pale nikaijenga upya. Siku hiyo tulizungumza, na tangu augue tulikuwa hatujazungumza. Ikawa hivyo kila Jumapili. Anaonyesha palipokuwa na shimo, nachimba. Anaonyesha mahali ng'ombe wa Waorma walipokuwa wakivukia, nafinyanga ng'ombe kwa nta. Halafu akaanza kulia. Machozi tu, bila sauti. Mimi nikadhani ni furaha.

Shemeji alikuwa akituangalia kutoka mlango wa jikoni. Sikumuuliza anaonaje.

Jumapili moja, nikiwa nafungua gundi, mkono wa kaka ukaenda kwenye kigari, kikaanguka sakafuni, mlango mmoja ukang'oka. Mimi niliona kimemponyoka. Shemeji aliona amekisukuma.

"Hataki," akasema. "Huoni unamuumiza?"

"Shemeji, mkono umeteleza tu."

"Wewe unakuja Jumapili. Mimi niko hapa siku zote." Akakaa kwenye mkeka, akaongea polepole. "Namwosha, namgeuza, namlisha. Alipokuwa mzima alikuwa wa barabara, nikamngoja, sikulalamika. Sasa amerudi nyumbani. Amerudi vibaya, lakini amerudi. Na wewe unaniingizia barabara ndani ya nyumba. Analilia hicho kigari. Mimi hajawahi kunililia. Ukiuleta tena huo ubao, narudi kwetu Hewani, uje umwoshe wewe."

Kaka alikuwa akitutazama, huyu kisha huyu. Nikainama mbele yake.

"Kaka, niuondoe huu ubao?"

"Haya."

"Ama niuache?"

"Haya."

Nikaubeba, nikaondoka. Nilimuuliza muuguzi mmoja, akaniambia wagonjwa wa kiharusi wengine hulia tu, hata hawana huzuni. Kwa hiyo hata yale machozi sijui yalikuwa ya nini.

Tangu hapo sijakanyaga kwake. Shemeji simlaumu, kwa sababu kila alilosema ni kweli. Mke wangu ananiambia nimwachie shemeji mume wake. Ubao uko karakana, ukingo mmoja wa mto bado hauna majani, na vumbi la chuma linauangukia kila nikisaga.

Wiki iliyopita binti wa kaka alikuja likizo akanipigia simu. "Baba mdogo, Baba siku hizi Jumapili hakai ndani. Anataka kiti kiwekwe mlangoni. Mama akimrudisha anakataa kula."

"Na mama yako anasemaje?"

"Anamwekea kiti. Halafu anaenda kulia jikoni."

Sijui kaka ananingoja mimi, anaingoja Landrova yake, ama anapunga hewa tu kwa sababu ndani kuna joto. Nikienda mikono mitupu, naogopa atatazama mikono yangu. Nikienda na ubao, shemeji atafunga mzigo wake, na kaka hana mwingine wa kumgeuza kitandani. Ninyi mliowahi kuuguza mtu, na ninyi kina mama mliokaa na waume wasiokaa nyumbani, niambieni kwa upole. Jumapili hii niende vipi?