Msalaba Kwenye Stata

Nzioka alikuwa mtu wa kuogopa kupunjwa. Alikuwa akiwauzia wajenzi wa Kitengela maji kwa pikapu yake kuukuu ya Pijo, na kila fundi kwake alikuwa mwizi mpaka athibitishe vinginevyo. Ajabu ni kwamba siku alipompata fundi mwaminifu, mwaka wa tisini na nane, hakumtambua.

Fundi huyo aliitwa Gakuru, na gereji yake ilikuwa kando tu ya barabara ya Namanga. Siku hiyo pikapu ilikuwa imekataa kuwaka. Gakuru aliifungua stata, ile mota ya kuwashia injini, akaisafisha kwa msasa, kisha akaichora msalaba mdogo kwa patasi mbele ya macho ya Nzioka. Kila kifaa alichofungua alikichora hivyo, ili mwenye gari akijue chake. Mwishowe akaomba shilingi mia moja.

Mia moja! Nzioka alilipa, lakini moyo haukutulia. Fundi wa bei hiyo anajua nini? Wiki iliyofuata pikapu ilipogoma tena asubuhi, aliipeleka kwenye gereji kubwa ya mjini, yenye ofisi ya vigae na karani aliyevaa tai. Huko aliuziwa stata mpya kwa maelfu, akatoka kifua mbele. Jumapili, wakati wa ushuhuda, akawaonya waumini wenzake.

"Huyu Gakuru si fundi. Anabahatisha tu na magari ya watu."

Kanisa zima lilicheka.

Miezi mitano baadaye ile stata mpya ikafa. Gereji ya vigae ikamkana mchana kweupe. Hakuwa na pa kwenda ila kwa Gakuru, akaenda akitazama chini.

"Karibu, mzee," Gakuru alisema. "Tusukume gari isimame juu ya hii mtaro, ndio niingie chini."

"Kwani jeki iko wapi?"

"Niliuza mwezi wa nane. Watu waliacha kuja, hata sijui ni kwa nini."

Nzioka alijua. Yeye alisimama kanisani mwezi wa saba. Aibu ilimchoma masikio, akainama kusukuma gari.

Gakuru alitoka mtaroni na stata, akaikwangua rangi nyeusi. Chini ya rangi ulikuwepo ule msalaba.

"Mzee, hii ni ile yako ya zamani. Walipaka rangi tu."

Akaitengeneza, akaomba mia moja. Nzioka alimpa noti ya elfu, Gakuru akaikataa.

"Hapana mzee, hii kazi ni ya mia."

Jumapili Nzioka alisimama tena. "Wapendwa, niliibiwa," alianza, akasimulia habari za stata ile.

"Pole! Pole sana!" wakaitikia. Pole hizo zilikuwa tamu, na angeweza kuketi hapo hapo nazo. Mkewe, Katee, alikuwa tayari amemsogezea kiti.

"Hapana," Nzioka akasema. "Msinipe mimi pole. Gereji iliniibia pesa, lakini mimi nilimwibia Gakuru jina. Niliiba hapa, mkinisikia."

Safari hii hakuna aliyecheka.