Alama Shingoni mwa Mume Wangu

Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Kitengela. Nafundisha watoto kupanga wadudu kwa makundi. Juzi mume wangu alirudi kutoka Kajiado, na kesho yake akaamka na alama nyekundu shingoni. Nilinusa mashati yake yote. Kisha nikamwita mama mkwe aje amuulize mtoto wake huyo mwanamke ni nani.

Mama hakumuuliza kitu. Alikung'uta neti ya kitanda chetu, akaokota mdudu mwembamba, mwekundu kwa mweusi.

"Hiyo ni siafu tu," nikasema.

Akamfunua mgongo kwa pini, mabawa yakatokea. "Mwalimu, hii ni nairobi flai. Ukiiponda kwa ngozi, inachoma."

Halafu akanishika kidevu, akanigeuza. "Na hii alama yako nyuma ya sikio, ulipewa na nani?"