Mfuko Nyuma ya Mlango

Harufu ya mshumaa uliozimwa hunirudisha jikoni kwa mama, siku mto ulipobeba daraja.

Shuleni tulikuwa tumefundishwa kujitayarisha kwa hatari, nami nikajaza mfuko wa mbolea uliooshwa: mishumaa, kiberiti ndani ya nailoni, wembe mpya, uzi, shuka safi. Niliuweka nyuma ya mlango. Kaka zangu hawakuchoka kunicheka.

"Unahama lini?"

Mchana wa siku hiyo ya daraja, mvua ililaza hata majani chai, na mama, aliyekuwa mjamzito, akashikwa na uchungu. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto. Nyanya, tuliyemwita kogo, aliyezoea kuzalisha wanawake wa kijiji, alifika amelowa chapachapa, mikono mitupu.

"Kuna wembe mpya kwa hii nyumba?"

"Iko, kogo."

"Uzi?"

"Iko."

Nikamwekea mfuko wote miguuni. Alichungulia ndani, akanigeukia mimi, mjukuu wake wa kike.

"Washa mshumaa, mama. Hapa hakuna mwanga."

Baadaye kilio cha mtoto kilishinda kelele za mvua kwenye mabati. Nyanya akatoka naye, akawapita kaka zangu, akampita hata baba, akamweka mikononi mwangu.