Majani ya Mto Katika Maji ya Mushaki

Mke wangu alizaliwa kando ya mto huko Walikale, ambako maji ni laini na yana rangi ya chai. Mimi nilimleta Mushaki, kwenye baridi na ng'ombe, ambako nilikuwa nakata vioo vya madirisha. Mara ya mwisho alipokwenda kwao, kabla vita havijafunga barabara, alirudi na bidoni ya njano, dumu la kuchotea maji. Ndani mlikuwa na samaki wadogo na majani yanayoota chini ya mto.

"Uwatengenezee nyumba," aliniambia.

Niliunganisha vioo kwa gundi vikawa sanduku, nikatandaza changarawe, nikapanga mawe meupe kwa ajili ya urembo, nikajaza maji ya chemchemi yetu. Wakati huo moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Daktari alimkataza kupanda mlima na kushika jembe. Basi akawa anashinda kitini mbele ya kile kioo.

Haukupita muda majani yakageuka manjano, ikabaki mishipa tu ya kijani. Juu yake kukaganda ukoko mweupe, ukiugusa unakwaruza. Samaki walikuwa wazima. Nilidhani ni mwanga, nikalisogeza sanduku dirishani. Vioo vikajaa utelezi wa kijani, nikalirudisha. Nikadhani ni njaa, nikafukia udongo mweusi wa shamba la maharage penye mizizi. Manjano ikazidi.

"Hata majani ya kwetu inakataa huku," alisema. Hakuwa na hasira. Nilitoka nje nikasimama kwanza.

Yeye ndiye aliyegundua. Nilikuwa nafua mashuka yake uani, naye ananitazama kutoka mlangoni.

"Angalia sabuni," akasema. "Kwetu unapakaa kidogo tu, povu inajaa. Huku unasugua mpaka mukono inauma. Na ndani ya birika iko kitu nyeupe, sawa ile ya majani. Njo hii maji inaharibu majani, Papa. Iko na chokaa mingi."

Nikachukua jiwe moja jeupe kutoka kwenye sanduku, nikalidondoshea siki. Likatoa povu. Kumbe hata mawe yangu ya urembo yalikuwa ya chokaa, yakiyeyuka polepole ndani ya maji ambayo tayari yalikuwa magumu. Niliyatoa yote. Nikatega beseni chini ya bati, na kila mvua iliponyesha nikawa natoa maji kidogo ya zamani na kutia ya mvua, taratibu, samaki wasishtuke. Majani yaliyokwisha kuharibika hayakupona. Alinielekeza yapi nikate, kwa kidole, kwa sababu kuongea kulimchosha.

Siku moja aligonga ukuta kuniita kutoka karakana yangu iliyo upande wa pili. Jani jipya lilikuwa limechomoza, kijani, safi.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Usiache, basi."

Alifariki wiki hiyo, mchana, nikiwa nimemshika mkono.

Barabara ya Walikale ilikuwa bado imefungwa. Mama yake alihudhuria maziko kwa simu. Niliiinua juu ya kaburi ili asikie kwaya, na katikati ya wimbo rezo, mtandao wa simu, ikakatika. Nilibaki nimeinua mkono hivyo hivyo hadi wimbo ukaisha.

Mama yake alifika miezi kadhaa baadaye, kwa pikipiki na kwa miguu. Majani yalikuwa yamejaa kioo kizima. Aliketi kwenye kile kiti, akayatazama.

"Alikuwa anaulizia mimi?"

"Kila siku, Mama."

"Na ulikuwa unamujibu nini?"

"Kwamba barabara itafunguka."

Alitikisa kichwa, akaomba nimpeleke kaburini. Nilimshika kiwiko tukapanda mlima. Tulipofika alilala kifudifudi juu ya udongo, akaanza kumwambia mwanawe habari za nyumbani: nani ameoa, nani amezaa, mto umejaa kiasi gani. Mimi niliketi kando, nikasikiliza.